Nyanya Yako Hakupiga Kelele

Mutua mwanangu,

Naandika kwa sababu nikianza kusema nitacheka. Unanijua. Jumapili tulipogombana hapa mezani nilikuwa na hasira, na bado mdomo wangu ukacheka, na wewe ukadhani mambo yameisha. Hayajaisha. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Nairobi na mimi bado nimekasirika. Nataka uende ukijua hivyo.

Mambo ya kuchunga simu, ya kutokula ovyo njiani na ya kutafuta kanisa, mama yako ameshakwambia, na sasa hivi anapiga mashati yako pasi huku akitafuta mengine ya kukwambia. Mimi sina hayo. Mimi nina jambo moja, nalo ni ile video ya kuku.

Ulisema, "Baba, ni laughs tu." Hilo neno la Kizungu la kucheka nalijua kuliko unavyodhani. Shule niliachia darasa la sita kule kwetu Mwingi, lakini hilo tulifundishwa mapema, pamoja na kula na kulala na kukimbia. Mwalimu alituambia ni la mtu aliyefurahi. Halafu nikaja Kisumu kubeba karai, na huko mjengoni nikalisikia likifanya kazi ambazo mwalimu hakututajia. Tulipomwomba injinia glavu kwa sababu simiti ilikuwa inatula vidole, alisema, "Don't make me laugh." Usinichekeshe. Usoni hakuwa na furaha hata kidogo. Maana yake ilikuwa, ondokeni hapa. Ukuta mmoja ulipopinda upande wa barabara, mwenye jengo alikuja akasema tumemfanya "laughing stock", kichekesho cha mji, na mafundi wawili wakafukuzwa siku hiyo hiyo. Nyapara naye akitaka tusiende kula mpaka slab, ile sakafu ya zege, iishe, alikuwa anapiga kelele kutoka chini, "Mkamba, tupe laughs!" Na sasa wewe. Mnatumia neno moja nyote, na kila nikilisikia kuna mtu ananyang'anywa kitu.

Kiswahili angalau hakifichi. Kuna kucheka na kuna kuchekwa, na hata mtoto wa nasari anajua yuko upande gani. Kuna kumchekea mtu ili akupe kitu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, karai ilikuwa ya kusindikiza tu.

Hujawahi kujua vile nilivyokuwa napata kazi, kwa hivyo nitakwambia. Asubuhi mnasimama getini, wengi kuliko nafasi, na nyapara anatoka na kuonyesha kidole: wewe, wewe, wewe. Wenzangu kila mmoja alikuwa na binamu ndani, au shemeji, au mtu waliyesoma naye. Mimi nilikuwa mgeni kutoka upande mwingine wa nchi, sina mtu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi. Halafu asubuhi moja nyapara akaniuliza kitu kwa Kijaluo, nikajaribu kumjibu, na ile sauti yangu ya Kikamba ikafanya geti zima licheke. Nyapara akajifuta macho.

"Huyu aingie," akasema. "Atatuchangamsha."

Kutoka siku hiyo ikawa ndiyo tikiti yangu. "Mkamba, salimia watu!" Nasalimia. Wanacheka. Naingia. Na nikuambie kitu ambacho hata mama yako hajui. Kijaluo changu kilinyooka mapema, Mutua. Mama yako alinifundisha vizuri na sikio langu si baya. Nilikuwa nakiharibu mwenyewe kila asubuhi pale getini, kwa makusudi, miaka na miaka, ili niingie.

Siku ya slab ndiyo ilikuwa siku yangu kubwa. Simiti haingoji mtu, ikianza kumwagwa haisimami, kwa hivyo watu wanapangwa ngazi nzima na karai inapita kutoka mkono hadi mkono mpaka juu. Mimi nilikuwa nawekwa katikati ili sauti yangu ifike kote. Namtania aliye juu, namtania aliye chini, najitania mwenyewe, watu wanacheka, na karai zinaruka. Watu wakicheka hawasikii njaa. Nyapara alilijua hilo kabla yangu. Mimi nilidhani ninawasaidia wenzangu. Baadaye sana ndiyo nikaona kwamba kila tulipocheka, saa ya chakula ilisogea mbele, na hakuna aliyeuliza.

Na hicho ndicho nilichokuja kukufundisha wewe! Uliporudi kutoka shule hapa Nyamasaria unalia, kwa sababu watoto walikuwa wanakuuliza "Mutua ni jina la wapi, na mama yako ni wa hapa?", nilikuketisha nikakwambia, "Cheka wewe kwanza. Jicheke mbele yao, watachoka." Nilikwambia hivyo nikijiona mwerevu. Ulishika haraka. Ulianza na kumwigiza mwalimu wa hesabu, ukaja kwa mchungaji, na mwishowe ukafika kwangu. Nilidanganya, mwanangu. Hawachoki. Wanazoea. Na siku utakayoacha kuwachekesha watakuuliza umekuwaje, mbona siku hizi unaringa.

Sasa kuku.

Ile hadithi umeisikia mara moja tu, siku ya mazishi ya nyanya yako, na uliisikia kupitia simu uliyokuwa umeishika mbele ya uso. Nitaiandika yote, kwa sababu wewe uliikata.

Nilikwenda kwa kina mama yako, ndani kidogo kutoka Katito, mara ya kwanza kujulikana kama mtu anayetaka kuoa. Niliketishwa kwenye nyumba kubwa pamoja na babu yako. Yeye ananiangalia, mimi naangalia viatu vyangu. Nyanya yako hakutoka kunisalimia. Sikushangaa. Hata kwetu Ukambani mwanamume humkwepa mama mkwe njiani kama deni. Basi sikumwona, na kwa hivyo sikumjua sura. Tulikaa mpaka jua likapita kichwani. Nikaomba kwenda msalani, na nikiwa nje mvua ikashuka yote mara moja, vile inavyoshuka huko. Nikakimbilia nyumba ya karibu niliyoiona inatoa moshi.

Ndani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima amekaa mekoni. Nikadhani ni jirani aliyeitwa kusaidia kupika. Nikavuta kigoda nikaketi. Nikafunua sufuria. Nikamwambia, "Mama, huyu kuku ataiva lini? Hawa watu wameniketisha tangu asubuhi kama mgonjwa anayengoja daktari!"

Hakunijibu. Alivuta leso akafunika uso wote, akanyanyuka, akatoka mbio kwenye mvua.

Mama yako akaingia. "Mama amekimbilia wapi?"

"Yule wa kupika? Sijui. Nimemuuliza tu kuhusu kuku."

"Wa kupika?" Akashika mdomo. "Musyoka! Huyo ni mama yangu!"

Ningefanya hivyo Mwingi ningetozwa mbuzi, na huenda mke ningekosa. Nilisimama pale na kifuniko cha sufuria mkononi. Sikujua nitoroke au nipige magoti. Babu yako alikuwa ametokea mlangoni mwa nyumba kubwa, ameona yote. Mvua tu. Halafu kutoka nyuma ya ghala tukasikia kitu. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko cha mtu anayejaribu kukimeza na kinamshinda, kinatoka puani, kinatoka mabegani. Kisha sauti, siyo kwangu, kwa sababu hawezi kusema nami, kwa binti yake:

"Akinyi! Muulize mgeni kama chumvi imetosha!"

Nikaonja. Nikasema, kwa sauti ya kufika ghalani, "Mwambie imetosha!"

Hapo ndipo nilipooa, Mutua. Ng'ombe walifuata baadaye. Huyo mama alikuwa na haki ya kunifukuza kwake nisirudi, na badala yake alicheka kwa namna ambayo ilinifungulia mlango. Mimi nilikuwa nimeshachekwa na mji mzima, sikujua kwamba kuna kicheko ambacho kinakuingiza ndani bila kukuvua nguo kwanza.

Na kwa maisha yake yote yaliyobaki hatukuketi pamoja, hatukupeana mkono, kwa sababu hiyo ndiyo heshima na mimi na yeye tuliishika. Lakini kila nilipokwenda, chakula kikishawekwa, sauti ilikuwa inatoka jikoni: "Akinyi, muulize chumvi!" Nami najibu kupitia ukuta: "Mwambie imetosha!" Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote mimi na nyanya yako. Siyabadilishi na ya mtu yeyote.

Siku ya mazishi walipowaita wakwe waseme, nilikwenda kwenye maikrofoni na maneno ya kawaida kichwani, pole kwa familia, Mungu ametoa na kadhalika. Nikaangalia jeneza, nikakumbuka kwamba leo nitakula na hakuna atakayeuliza. Nikasema ya kuku. Na siku hiyo Kijaluo sikukiharibu, nilikisema vile ninavyokijua. Watu walicheka, ndiyo. Wamama waliokuwa wanalia walicheka huku wanalia. Babu yako alicheka mpaka akatoa kofia akafunika uso nayo, na kofia ikakaa pale muda mrefu. Nilikuona umeinua simu. Nilifurahi. Nilidhani unamwekea mama yako.

Halafu ukaja na video yako. Umevaa koti langu la kazini na helmeti, umejaza mashavu, unasema Kijaluo kile cha getini. Sawa. Hiyo ni yangu, niliiuza mwenyewe, siwezi kukataza mtu kuiokota. Lakini nyanya yako! Umejifunga leso, unamfanya apige kelele "Uwiii!" na kukimbia kama ameona fisi, na mimi nabaki nikimla kuku mzima mpaka mifupa. Mwisho. Ghala halipo. Chumvi haipo. Kicheko chake hakipo. Ulitoa kicheko chake ukaweka cha watu wasiomjua.

Chini yake watu wameandika LOL, mstari baada ya mstari, na nyuso zinazotoa machozi. Nilikuuliza LOL ni nini ukasema ni kucheka kwa sauti. Mmoja ameandika hivyo, kisha akaandika kitu kuhusu Wakamba na Wajaluo kuoana ambacho sitakirudia kwa mkono wangu. Wewe ulimwekea moyo mwekundu. Nimeuona.

Unataka kujua niliionaje mara ya kwanza? Nyapara ndiye aliyenionyesha, saa ya chakula.

"Mkamba! Si huyu ni wewe? Kijana wako amekumaliza!"

Wote wakaja kuzunguka ile simu. Nikacheka. Nikacheka vizuri, Mutua, kile cha getini. Na kwa sababu walikuwa bado wananiangalia, wanangoja, nikasimama nikawafanyia ile sehemu ya mifupa. Nilimwigiza mwanangu anayeniigiza mimi, mbele ya watu wenye ugali mkononi. Wakapiga makofi. Mchana ule sikuweza kuinua karai ya kwanza. Nilisingizia mgongo.

Kwa hivyo Jumapili nilipokuambia uiondoe, sikuwa natania. Lakini ukanijibu kama wakili.

"Baba, hata wewe uliisema mbele ya watu wote, tena na maikrofoni."

"Niliwaambia watu waliomjua."

"Sasa wasiomjua wasicheke?"

"Wacheke. Wanamcheka nani?"

"Hawamcheki mtu! Ni laughs tu. Na yule jamaa wa Nairobi mwenye onyesho la vichekesho amesema hiyo ya kuku ndiyo nitafungua nayo. Bila hiyo hata sijui kama ananitaka. Unataka nirudi hapa nibebe karai na wewe?"

Mama yako aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado zinadondoka maji. Amerudi kutoka soko la Kibuye kila siku ya maisha yako na mabegani alama za marobota ya mitumba, na sijawahi kumwona amechoka kama vile. Huyo unayefungua naye ni mama yake.

Sikukatazi kazi hiyo. Nataka hilo liingie kichwani kabla hujanijibu tena moyoni mwako. Una kipaji, na si kidogo. Ulipoigiza vile ninavyopanda ngazi, na ule mguu wa kushoto ninaoufikiria kabla ya kuukanyagia, nilijiona. Hiyo chukua. Chukua geti. Chukua salamu zangu mbovu. Lakini niambie, mbona katika video zako zote anayeanguka ni mtu wa karai? Mama mboga anaanguka, mlinzi anaanguka, Mkamba anaanguka. Nyapara yuko wapi? Injinia asiyetoa glavu yuko wapi? Nimekusimulia habari zao tangu ukiwa mdogo, unazijua sauti zao kuliko yangu, na hujawahi kumvalisha mtu suti akateleza kwenye simiti yake mwenyewe. Unaogopa nini? Unaogopa kile nilichoogopa mimi, kwamba hawatakuonyesha kidole asubuhi. Basi jua ni woga, usiuite laughs.

Na kama yule jamaa hakutaki bila nyanya yako kukimbia akipiga kelele, basi hilo ni geti, mwanangu. Umesafiri mpaka Nairobi kutafuta geti lile lile.

Kuna jambo ambalo sikulisema Jumapili kwa sababu halikuwa limetokea. Jana babu yako alinipigia simu. Binamu zako walikuwa wamemwonyesha.

"Orwa," akasema. Mkwe wetu, ndivyo ananiita mpaka leo. "Huyu mwanamke anayelia hivi ni nani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Watoto wananiambia ni mke wangu."

Nikacheka, Mutua. Hata kwake. Kilitoka chenyewe. Mzee akaningoja mpaka nikamaliza, kama mtu anayengoja gari lipite ndiyo avuke.

"Hakupiga kelele," akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia. Alicheka." Kisha akakata simu.

Sijui ni kwa nini alinipigia mimi badala yako. Au najua. Anadhani mimi ndiye niliyekutuma.

Barua hii nitakupa ukishakaa kwenye basi, si kabla, ili tusianze kubishana mbele ya watu. Isome haraka. Basi litasimama Ahero, na hapo ndipo barabara ya Katito inapoachana na yako. Shuka. Jamaa wa Nairobi anaweza kungoja siku moja, wewe na mimi tumewangoja watu kama yeye muda wote. Koti langu nimeliweka juu kabisa kwenye begi lako, na helmeti pia, usiseme hukuwa na vifaa.

Mkute babu yako alipo. Usimwombe msamaha na usimweleze chochote. Mfanyie ile video yote pale uani, vile vile ilivyo, leso, mbio, kelele na mifupa, bila kupunguza, na umwangalie usoni unapoifanya, kwa sababu kwenye simu hujawahi kumwangalia mtu usoni. Akicheka, panda gari, nenda ufungue nayo, na mimi sitasema neno tena mpaka nife. Asipocheka, utakuwa umesimama katikati ya ua wa nyanya yako umevaa koti la baba yako, kumenyamaza, na hapo utajua mwenyewe la kufanya.

Au ubaki kwenye basi. Sitakupigia kuuliza. Nikikupigia nitacheka, na wewe utasema baba ameshapoa.

Sijapoa.

Baba yako,
Musyoka